Akachimba, Akachota, Akamwaga, Akangoja

Mhariri wangu aliniambia kwamba sentensi moja imerudiwa mara ishirini na sita katika riwaya yangu, na kwamba alitaka ibaki mara moja tu. Alinipa hadi Ijumaa ya wiki iliyofuata. Nikikata, kitabu kingeingia mtamboni. Nikikataa, ningerudishiwa mswada wangu na kila mtu ashike njia yake. Aliyasema haya kwa upole, kwa simu, nami nimesimama nje ya chumba cha walimu hapa Machakos mjini, rundo la insha za kidato cha pili kwapani. Nilimjibu kwa upole pia. Kisha nikaingia darasani nikawagombeza watoto wa watu kwa makosa ambayo siku nyingine ningeyacheka.

Sentensi yenyewe ni hii: "Akachimba, akachota, akamwaga, akangoja."

Haina urembo wowote. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuiandika, na mimi ilinichukua miaka kuipata.

Nilizaliwa upande wa Yatta, mwendo wa miguu kutoka Kithimani, karibu na mto ambao ramani huuita mto na sisi huuita mchanga. Hutiririka siku chache mvua inaponyesha, halafu maji huzama chini yakajificha. Ukiyataka, uchimbe. Unachimba kwa mikono au kwa sahani kuukuu mpaka shimo likufike kiunoni, na maji ya kwanza yanayojikusanya humo ni tope. Unayachota kwa nzele, yaani kibuyu kilichopasuliwa nusu, unayamwaga mbali na shimo, unangoja. Yanakuja tena, bado yamechafuka. Unachota, unamwaga, unangoja. Mara ya tatu au ya nne, kutegemea mwaka, ndipo yanatoka safi, na ndipo unapoanza kujaza mtungi, nzele moja baada ya nyingine. Hakuna mtu wa kwetu anayekunywa maji ya kwanza. Hata mtoto anayetambaa hunyang'anywa.

Mtungi ukijaa, mama aliufunga kwa mkanda wa ngozi tunaouita mukwa, akaupitisha mkanda juu ya paji la uso, akainama, akasimama na mzigo mgongoni, akapanda mlima hadi nyumbani. Kesho yake shimo lilikuwa limekanyagwa na ng'ombe na punda, limejaa mchanga kama vile hajawahi kufika pale. Akaanza upya.

Sasa, maisha kama hayo utayaandikaje mara moja?

Sikulijua jambo hili tangu mwanzo, na sitajidai nililijua. Nilipoanza kuandika nilikuwa nimetoka chuoni na kiburi changu kimetangulia mbele yangu. Rasimu ya kwanza ilijaa jua linalowaka kama tanuri, ardhi iliyopasuka, upepo unaoomboleza, mawingu yenye huzuni. Kila kitu kililia isipokuwa msomaji. Nilikuwa na kurasa mia mbili na hamna hata ukurasa mmoja uliokuwa na kiu. Niliufunga mswada ule kwa kamba ya katani, nikautupa juu ya kabati, na kwa muda mrefu mtu akiniuliza kuhusu kitabu nilibadilisha mazungumzo.

Kilichonifungua macho ni likizo moja ya Agosti, bomba la kijiji lilipokauka nikaenda mtoni na mama. Nilikuwa nimesahau. Nilipochota na kumwaga mara ya kwanza nilimchekesha mama kwa hadithi za shuleni. Mara ya pili nikaanza kulalamikia mgongo. Mara ya tatu nikanyamaza. Mara ya nne sikuwa na wazo lolote kichwani, nilikuwa mkono tu na nzele. Hapo nikaelewa jinsi shida inavyomla mtu. Haiji kwa kishindo. Inakuomba kitu kidogo, unakifanya, halafu inakuomba kilekile. Inakuomba tena kesho, na kesho kutwa, na wewe unakipa kwa sababu kila mara ni kidogo tu. Jioni ile niliandika vile vitenzi vinne nyuma ya bahasha ya sadaka, nikaiweka ndani ya Biblia ya mama ili isipotee.

Kitabu kizima kilijengwa juu ya bahasha ile. Mwanamke wa riwaya yangu anaenda mtoni katika kila sura, na kila sura ina sentensi ileile. Kinachobadilika ni kile anachokitazama akingoja. Sura moja anatazama mume wake anayeondoka kwenda kutafuta kazi. Nyingine anacheka na jirani mpaka karibu waangukie shimoni. Nyingine ana mtoto mwenye homa mgongoni, na haangalii chochote, anasikiliza pumzi tu. Niliamua pia kwamba mateso ya mwili wake yatakuwa na alama moja, nayo ni ule mstari ambao mukwa humchimba mtu kichwani. Mama yangu anao. Ukipitisha kidole unauhisi, mfupa wenyewe umebonyea. Akienda kanisani hufunga kitambaa chini kidogo ili usionekane. Niliuweka mstari ule kitabuni tangu mwanamke yuko bibi harusi mpaka nywele zimemwisha.

Basi huo ndio mswada ulioambiwa unarudiarudia.

Mhariri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa binti mdogo kwangu, mwenye jicho kali, na alikuwa ameyaona makosa mengine yangu ambayo nilimshukuru kwayo. Ili kunionyesha kwamba kitabu hakitaharibika, aliniletea kwa baruapepe sura ya tano akiwa ameshaikata. Nilikwenda kuichapisha katika kibanda kimoja karibu na stendi, na Jumamosi nikaibeba pamoja na mswada wangu mzima, nikaenda navyo Kithimani hadi kwa mama. Kusema kweli nilitaka tu kuonewa huruma. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, nikajiambia, na maiti wa kitabu hiki bado anapumua na anapukuchua mbaazi mlangoni pa jikoni.

Mimi na mama, ninayemwita mwaitu, huzungumza Kikamba. Lakini kitabu kikitajwa, yeye huhamia Kiswahili chake cha sokoni, kwa sababu anasema huwezi kumkosoa mtu kwa lugha ambayo hakuandikia. Nilianza na toleo la mhariri. Nilisoma polepole: mwanamke anafika mtoni, anachimba, anachota, anajaza mtungi, anajitwika, anaondoka.

Mama akaacha mbaazi. "Ngoja. Huyu ni mtu wa wapi?"

"Wa hapa, mwaitu."

"Wa hapa gani? Amechimba, amechota, amejaza. Hajamwaga! Anapelekea watoto matope?"

"Wamefupisha kidogo. Msomaji ataelewa."

"Ataelewa nini? Huyo msomaji atahara." Alinitazama kwa dharau niliyokuwa sijaiona tangu niunguze muthokoi, yale mahindi ya kukoboa, ya wageni nikiwa na miaka kumi na miwili. "Mwana wakwa, hata mtu mjinga wa huku hawezi kunywa hiyo maji. Wewe mwalimu mzima, umeandika hivyo?"

Nilicheka, kisha nikaona kwamba hakuna la kucheka. Mhariri alikuwa ameondoa maneno mawili tu, akamnywesha tope mwanamke wangu, na mimi niliposoma kimoyomoyo pale stendi sikugundua. Mtoto wa mchangani! Ilibidi mama anigundulie. Nilijisikia aibu, na aibu ile ikageuka hasira, na hasira ile nilikuwa naihitaji.

Nikamsomea toleo langu, sura baada ya sura. Nilitarajia sifa. Nikapata mbaazi ya usoni.

"Hapa analia tena," mama alisema katika sura ya tatu. "Kila akienda mtoni analia. Machozi yote hiyo ametoa wapi? Si angeweka kwa mtungi arudi nyumbani mapema?"

"Ni kuonyesha uchungu, mwaitu."

"Mimi nilienda hiyo mto miaka yote. Nililia siku ngapi? Siku mbili. Siku zingine nilikuwa na kazi."

Nilichukua kalamu nikafuta machozi. Yalikuwa mengi kuliko nilivyodhani. Kisha tukafika kwenye mstari wa kichwani. Hapo nilikuwa nimejivunia sana, maana niliandika kwamba mstari ule ulikuwa mto mdogo uliosahau njia ya bahari. Nilisoma kwa sauti ya madaha. Mama akavua kitambaa, akaweka kidole pale pale kichwani mwake.

"Hii si mto," akasema. "Hii ni mahali mukwa inakaa."

Nikafuta mto. Nikaandika maneno yake kama alivyoyasema. Sijawahi kuandika kitu kizuri kuliko hicho, na sikukiandika mimi.

Halafu tukafika sura ya kumi na tisa. Sikuwa na hakika kama niisome. Mwaka ule ninaoufuata katika sura hiyo, mchanga wenyewe ulikauka. Nilikuwa darasa la tatu. Kitinda mimba wetu hakuumaliza mwaka huo, na nyumbani kwetu jambo hilo halisemwi. Hata kitabuni sikulisema. Hamna kifo katika sura ile, hamna kaburi, hamna mtu anayepiga kelele. Mwanamke anakwenda mtoni, na sentensi inakuja, ila imepungua. "Akachimba, akangoja." Anasogea hatua chache. "Akachimba, akangoja."

Mkono wa mama ukasimama ndani ya ungo.

"Umeruka," akasema.

"Sijaruka."

"Hajachota. Hajamwaga."

"Hamna cha kumwaga, mwaitu."

Kuku mmoja alikuja akadona mbaazi mbili kwenye ungo, na mama hakumfukuza. Nilimwona akitazama upande wa mtoni, ingawa kutoka mlangoni pale mto hauonekani.

"Ĩĩ," akaitikia mwishowe. "Ule mwaka."

Mimi nilikuwa nalia. Yeye hakulia. Alimfukuza kuku, akaniambia, "Soma mbele," na nikasoma mpaka mwisho. Hakutoa kasoro nyingine hadi nilipofunga karatasi, akasema nimesahau kwamba punda wetu alikuwa jike.

Nikiwa njiani kurudi Machakos nilijua kwamba sitakata. Nilikuwa nimeanza safari kwa ajili ya sikio langu na madaha yangu, sasa lilikuwa jambo jingine. Ndugu yangu yule hana picha, na jiwe lililowekwa kaburini limeshazama ardhini. Mahali pekee alipo ni pengo la vitenzi viwili katika sura ya kumi na tisa. Na pengo halionekani mpaka mtu awe amezoea kilichokuwepo. Kama msomaji hajachota na kumwaga mara kumi na nane, mara ya kumi na tisa atapita juu ya mtoto wetu bila kujua amemkanyaga. Waniite mbishi. Waseme mwalimu wa kijijini amepanda kichwa. Maji niliyavulia nguo zamani, na nilikuwa tayari kuyaoga.

Jibu la namna hiyo halipelekwi kwa simu. Siku ya Ijumaa niliomba ruhusa shuleni, nikafunga mswada wangu kwa ile ile kamba ya katani, nikaenda Mlolongo ambako mhariri anaishi na mara nyingi hufanyia kazi nyumbani. Nilikuwa nimejifunza hotuba yangu kwa moyo. Ilikuwa na vipengele vitatu na methali mbili, na sauti ya kupanda mwishoni.

Nilimkuta chini ya jengo lao, amejifunga leso, ndara miguuni, mitungi sita ya lita ishirini imepangwa mbele yake na yote imejaa. Boza la maji lilikuwa ndiyo kwanza linaondoka. Mifereji ya pale, alinieleza kwa aibu kidogo, ilikuwa haijatoa tone tangu wiki iliyopita.

"Mwalimu! Aki pole, umenipata vibaya. Nipe dakika kumi nipandishe hizi."

"Unakaa ghorofa ya ngapi?"

"Ya nne."

"Kila wiki?"

"Kila wiki, mara mbili. Unazoea tu. Na lifti ni ya picha, haijawahi kutembea."

Nilimtazama mhariri wangu, nikaitazama mitungi, na hotuba yangu yote ikayeyuka. Niliweka mswada ndani ya mkoba, nikauvaa mkoba mgongoni, nikashika mtungi mmoja. Alikataa, kwamba mimi ni mgeni, kwamba mimi ni mkubwa wake. Nikamwambia mkubwa wake alizaliwa mchangani. Tukaanza kupanda, yeye mbele na mimi nyuma, mpini ukinikata vidole. Ngazi zilikuwa nyembamba na maji yalimwagikia viatu vyangu vya kwenda mjini.

Tulipofika ghorofa ya kwanza, nikautua mtungi wangu sakafuni.

"Hapa panatosha," nikasema.

Aligeuka. "Umechoka? Acha nitarudia huo."

"Sijachoka. Tumepanda ghorofa moja. Hizo tatu zilizobaki ni ngazi zilezile. Msomaji ameshaelewa."

Alinikodolea macho. Niliona neno likimwingia taratibu. Kwanza alitaka kucheka, kisha akataka kukasirika, na nadhani alifanya yote mawili kwa wakati mmoja. Akautua mtungi wake pia, akaukalia.

"Mwalimu, wewe ni mtu mbaya," akasema.

"Mbaya sana. Uliza wanafunzi."

"Lakini hata wewe unajua ni sentensi ileile. Mtu atachoka."

"Achoke. Nataka achoke. Wewe hapa umechoka?"

Nikafungua mkoba, nikafungua kamba, nikatafuta sura ya tano. Nikamwambia kwamba katika sura aliyonitumia, mwanamke amekunywa tope, na kwamba mama yangu anauliza ni mtu wa wapi. Alifunika uso kwa viganja. Kisha nikampa sura ya kumi na tisa, nikamwambia asome, nami nikasimama pembeni kuwapisha watu wa jengo waliokuwa wakipanda na mitungi yao. Walitupita wakisema samahani. Mmoja alikuwa mjamzito.

Mhariri alisoma ukurasa ule hadi chini, akarudi juu akausoma tena. Nilijua kwamba alikuwa ameusoma zamani, mezani, kalamu mkononi. Sasa niliona kidole chake kikisimama mahali pale.

"Hizi mbili zimeenda wapi?" akauliza kwa sauti ya chini. "Kuchota na kumwaga."

"Ukikata zile zingine, hakuna atakayeuliza hivyo," nikasema. "Hata wewe hukuuliza."

"Ni mtoto?"

Nilitingisha kichwa kukubali. Alizipanga karatasi magotini, akazilinganisha kingo kwa uangalifu, akazifunga kwa kamba yangu ya katani na kuubeba mswada kwapani mwake mwenyewe.

"Zitabaki," akasema. "Zote ishirini na sita. Nitapigana nao ofisini. Lakini hayo machozi, Mwalimu, yamezidi, hayo nitakata."

"Umechelewa. Mama ameshayakata."

Hapo ndipo alipocheka. Akanyanyuka, akashika mtungi, nami nikashika wangu. Tukapanda ya pili, tukapumzika. Tukapanda ya tatu, tukapumzika. Ya nne alifungua mlango kwa kiwiko, tukaimimina mitungi ndani ya pipa la bluu lililokuwa jikoni, na maji hayakufika hata nusu. Aliuweka mswada mezani. Tukatazamana, pumzi zikiwa zimetuishia, viatu vyangu vikichuruzika kwenye sakafu yake safi.

"Bado minne chini," akasema.

Tukashuka.